Jinsi ya kuchagua propela ya boti ya faiba yenye mashine ya kupachika

Boti nyingi za faiba zinazotembeza watu au kuvua kwa mshipi kati ya Lamu na Mtwara bado zinatumia propela ile ile iliyokuja na mashine. Aliyeifunga hakujua kama itasukuma boti ya futi 16 yenye watu wawili, au ya futi 23 yenye wageni wanane, kasha la barafu na mapipa mawili ya mafuta. Alifunga ya wastani akamaliza kazi yake. Propela inayofaa ni ile inayoiruhusu mashine yako kufika kwenye mizunguko yake, kwa mzigo wako, kwenye maji yako. Hakuna muuzaji awezaye kukutajia jibu hilo kabla hujapima, na kupima kwenyewe ni kazi ya asubuhi moja.

Mabaharia wazee huiita rafadha, vijana huiita propela. Humu tutatumia hilo la pili. Mabawa yake tutayaita mapanga, kama ya feni.

Soma kwanza uliyo nayo

Namba hugongwa kwenye kitovu au kwenye mzizi wa panga. Mfano wa Yamaha: 11 3/8 x 12-G. Namba ya kwanza ni kipenyo kwa inchi, yaani upana wa duara linalochorwa na ncha za mapanga. Ya pili ni pichi: umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa ubao na yenyewe skurubu. Pichi 12 ni inchi 12, kama sentimita 30. Herufi ya mwisho haihusu ubora. Ni ukoo wa mguu wa mashine, yaani sehemu ya chini inayozama majini: G huingia kwenye mashine za farasi 40 hadi 60, K kwenye zinazofuata kwa ukubwa, J kwenye 9.9 na 15. Kampuni nyingine zina namba zao za vipuri, kwa hiyo usinunue kwa kuangalia inchi peke yake. Hesabu na meno ya ndani yanayokamata shafti, ulinganishe na ya zamani. Propela ya inchi zile zile yenye meno tofauti itabaki pambo la ukutani.

Namba zimefutika? Hutokea sana kwa propela iliyokwisha kupita kwa fundi wa kuchomelea. Kipenyo ni rahisi: pima kutoka katikati ya kitovu hadi ncha ya panga moja, zidisha kwa mbili. Pichi inahitaji karatasi kubwa, rula na kipimapembe cha mkoba wa jometri wa mwanafunzi. Laza propela juu ya karatasi, sakafu iwe sawa, na utie alama katikati ya shimo la shafti. Chora kwa chaki mstari juu ya panga, umbali wa kama theluthi mbili kutoka katikati kwenda ncha. Mstari huo unakata ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma wa panga. Pima urefu wa kila kingo kutoka sakafuni. Tofauti ya hizo mbili ndiyo kimo. Kisha shusha alama za kingo zote mbili moja kwa moja hadi kwenye karatasi, uziunganishe na katikati, na upime pembe. Gawanya 360 kwa pembe hiyo, zidisha kwa kimo. Kimo kikiwa milimita 61 na pembe nyuzi 72, basi 360 kwa 72 ni 5, mara 61 ni milimita 305. Hiyo ni pichi 12. Rudia kwa kila panga. Yakitofautiana kwa zaidi ya nusu inchi, una propela iliyopinda, na vipimo vyake vya baharini havitakuwa na maana.

Mizunguko ndiyo mizani

Kitabu cha mashine kinataja safu ya mizunguko kwa dakika ambayo mashine inapaswa kufika mafuta yakifunguliwa hadi mwisho. Kwa mashine nyingi za miharakati minne (four-stroke) ni 5000 hadi 6000, nyingine 5300 hadi 6300. Za miharakati miwili (two-stroke) za kazi ngumu mara nyingi ni 4500 hadi 5500. Tafuta ya modeli yako hasa, maana mashine mbili za nguvu moja zinaweza kuwa na safu tofauti.

Pichi ikiwa kubwa mno, mashine inalemewa. Ni kama kupanda mlima kwa gia ya nne: mafuta yako wazi kabisa, mizunguko haipandi, joto na mgandamizo ndani ya silinda vinapita kiasi. Plagi zinakuwa nyeusi, masizi yanaganda juu ya pistoni, na mwisho wake ni ringi kukwama au pistoni kutoboka. Ubaya ni kwamba haipigi kelele ya kukuonya. Inasikika tulivu, hata ya heshima, na mwenye boti anajisifu kuwa haisumbui. Mashine nyingi huuawa hivi, kisha lawama ikaenda kwa oili.

Pichi ikiwa ndogo mno, mashine inakimbia bure. Kelele kubwa, mwendo mdogo. Za kisasa zina kikomo kinachokata moto, utaisikia ikikwamakwama. Za zamani hazina, zitazunguka hadi zijiumize. Kati ya makosa haya mawili, la pili ni jepesi kwa sababu unalisikia na unaweza kupunguza mafuta kwa mkono.

Kabla ya kupima, ondoa visingizio

Kuna kasoro nne zinazofanana kabisa na propela mbaya. Ukipima bila kuziondoa utanunua propela ya kutibu ugonjwa mwingine.

Uchafu wa chini ya boti ndio wa kwanza. Boti iliyolala majini wiki tatu katika maji ya joto tayari ina utelezi na vichaza vidogo vinavyokwaruza mkono, na hivyo peke yake vinaweza kula mamia ya mizunguko. Waundaji wa majahazi hawakupaka shahamu kwa ajili ya urembo. Ipandishe pwani maji yakipwa, kwangua, sugua, suuza.

Cha pili ni mashine yenyewe. Silinda moja ikiwa dhaifu, takomita itaonyesha mizunguko michache kana kwamba pichi ni kubwa. Badilisha plagi, pima mgandamizo wa kila silinda, hakikisha waya wa mafuta unafungua kabureta hadi mwisho. Waya uliolegea ni jambo la kawaida: mkono umefika mwisho, kabureta imefika robo tatu.

Cha tatu ni bushi ya mpira iliyo ndani ya kitovu. Kazi yake ni kuteleza propela ikigonga mwamba ili meno ya gia yasivunjike. Ikichakaa, inateleza bila kugonga chochote. Dalili yake: kwa mafuta kidogo boti inakwenda vizuri, ukifungua zaidi mashine inapiga kelele na boti haiongezi mwendo. Kipimo chake ni cha kalamu. Vua propela, chora mstari mmoja ulionyooka kuanzia sehemu ya ndani yenye meno, kupita mpira, hadi kwenye chuma cha nje. Irudishe, ondoka kwa nguvu mara tatu nne, vua tena. Mstari ukiwa umekatika, vipande viwili havitazamani tena, bushi imekwisha. Fundi mwenye mashine ya kubana anaweza kuweka nyingine. Kwa propela ndogo ya alumini, pengine gharama inakaribia ya propela mpya.

Cha nne ni hewa. Propela ikivuta hewa kutoka juu ya maji au moshi wa mashine, inashika povu badala ya maji. Tazama ukingo uliopanuka kama tarumbeta nyuma ya kitovu, pale moshi unapotokea. Ukiwa umemeguka, moshi unarudi kwenye mapanga. Tazama pia kama kuna ngazi, kifaa cha kupimia kina au ubao wowote uliofungwa mbele ya mguu na unaovuruga maji.

Urefu wa mashine unahusika hapa. Juu ya propela kuna bamba pana lililolala. Kwa boti ya faiba ya kawaida, weka ubao mrefu ulionyooka chini ya boti, sambamba na mkuku, uufikishe kwenye bamba: bamba liwe usawa huo huo au juu kidogo, lisizidi inchi 1 kwa kuanzia. Likiwa chini sana, mguu unaburuta na boti inanyanyua maji nyuma. Likiwa juu sana, kila kona unayokata propela inapoteza maji. Mashine ya shafti fupi iliyofungwa kwenye boti ya shafti ndefu haitatibiwa na propela yoyote duniani.

Kupima

Mashine nyingi za mkono hazina takomita. Nunua ile ndogo ya kidijitali ambayo waya wake unazungushwa mara nne tano kwenye waya wa plagi. Iwekee hesabu sahihi ya cheche: mashine ya miharakati miwili hutoa cheche moja kila mzunguko, na nyingi za miharakati minne za boti pia hufanya hivyo ingawa kitabu cha takomita hudai vingine. Namna ya kuhakiki ni kuiacha mashine ingurume bila gia, ikishapata joto. Kitabu kikisema 850 na wewe unasoma 1700 au 425, umechagua mpangilio usio wake.

Mwendo upime kwa GPS ya simu, katika noti, yaani maili za bahari kwa saa.

Pakia boti kama unavyoipakia siku ya kawaida. Si tupu, wala si ile siku ya harusi. Mtu mmoja hesabu kilo 75. Lita 100 za petroli ni kama kilo 74. Barafu, maji ya kunywa, nanga na mnyororo navyo vina uzito. Kama hutaki kubeba watu kwa jaribio, jaza madumu ya lita 20 kwa maji, kila moja kilo 20, uyapange pale watu wanapokaa.

Chagua asubuhi kabla upepo haujaamka, na siku za maji mafu, kwa sababu bamvua huleta mikondo inayoharibu hesabu. Tafuta eneo lenye kina, lisilo na boti wala wapiga mbizi. Fuata mpangilio huu:

1. Pasha mashine moto dakika tano hadi kumi.
2. Kutoka kusimama, fungua mafuta kwa mfululizo na uhesabu sekunde hadi boti ipande juu ya maji na pua ishuke. Andika.
3. Endelea hadi mafuta yafunguke mwisho. Kama mashine inainuliwa kwa umeme, ipandishe kidogo kidogo mpaka boti iwe nyepesi, na uirudishe chini kidogo ikianza kuvuta hewa. Kama ni ya pini, tumia tundu unalotumia siku zote.
4. Shikilia nusu dakika, si zaidi. Andika mizunguko na noti.
5. Geuka, rudia kuelekea ulikotoka. Wastani wa njia mbili unafuta mkondo na upepo.
6. Rudia yote mara moja tena. Tarakimu za safari mbili zikipishana kwa zaidi ya mizunguko 100, kuna kitu hakijatulia. Kitafute kabla ya kuendelea.

Kutoka tarakimu hadi pichi

Kanuni ya kazi ni hii: kupunguza pichi kwa inchi 1 huongeza mizunguko kati ya 150 na 200, na kuongeza pichi hupunguza kwa kiasi hicho hicho. Lengo, kwa mzigo wa kawaida, ni nusu ya juu ya safu. Kama safu ni 5000 hadi 6000, tafuta 5600 hadi 5800. Hapo, siku utakapobeba zaidi, mizunguko itashuka lakini itabaki ndani ya safu. Siku utakapokuwa peke yako haitapita juu.

Tuchukue mashine ya 60 yenye safu hiyo, na uwiano wa gia 1.85, yaani shafti ya mashine huzunguka mara 1.85 propela ikizunguka mara moja. Ina propela ya pichi 14, na jaribio limetoa mizunguko 5050 na noti 23. Iko ndani ya safu, kwa nywele. Wengi wangeridhika. Lakini tunataka 5600. Pengo ni 550, gawanya kwa 175, unapata kama 3. Pichi ya kujaribu ni 11.

Je, mwendo hautapungua? Hapa hesabu ya mtelezo inasaidia. Zidisha mizunguko kwa pichi, gawanya kwa uwiano wa gia, kisha gawanya kwa 1215: unapata noti za kinadharia. Kwa pichi 14 ni 5050 mara 14, gawanya 1.85, gawanya 1215, sawa na 31.5. GPS ilisema 23. Tofauti ni 8.5, yaani asilimia 27 ya kazi ya propela imeteleza. Kwa boti nyepesi inayopanda juu ya maji, mtelezo wa asilimia 10 hadi 20 ni wa kawaida, huu umezidi. Kwa pichi 11 kwenye 5600, nadharia ni noti 27.4. Mtelezo ukirudi kwenye asilimia 15, boti itakwenda noti 23.3. Mwendo ule ule, mashine isiyolemewa, na itapanda juu ya maji mapema zaidi. Ndiyo maana ile imani ya "pichi kubwa, mbio kubwa" inawapoteza watu: mbio inakuja pale tu mashine ina nguvu ya kuizungusha.

Mtelezo nao una mipaka ya matumizi. Mashua ya mbao ya futi 25 inayotembeza wageni machweo haipandi juu ya maji hata uifunge mashine gani. Mwendo wake wa asili ni kama noti 6.7, kipeuo cha pili cha urefu wa mstari wa maji kwa futi mara 1.34. Mtelezo wake utakuwa mkubwa, pengine nusu na zaidi, na hilo si kosa. Mashua ya namna hiyo inataka kipenyo kikubwa kadiri mguu unavyoruhusu na pichi ndogo kabisa ya ukoo wake, na mizunguko bado iingie kwenye safu.

Ukiwa ziwani, hesabu inabadilika

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na mashine isiyo na kisukuma hewa hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Mashine ya 60 iliyofanya vizuri Kilifi inafika Kisumu au Mwanza ikiwa kama ya 53. Naivasha, karibu mita 1,900, inabaki kama ya 49. Tanganyika, kwenye mita 770 na kitu, upotevu ni kama asilimia 8. Kwa hiyo boti iliyonunuliwa pwani na kusafirishwa na lori hadi ziwani ishuke pichi: anza na inchi 1 kwa Victoria, 2 kwa Naivasha, kisha pima upya. Kwa mashine ya kabureta mwulize fundi pia juu ya jeti, kitundu kinachopitisha mafuta ndani ya kabureta, kwa sababu hewa nyepesi huifanya inywe mafuta mengi kuliko inavyoweza kuchoma. Kiongezi cha jambo hili ni rahisi kukisahau: ukiirudisha boti pwani, rudisha na propela yake ya pwani.

Alumini au stenlesi, matatu au manne

Alumini ndiyo ya kuanzia, na kwa wengi ndiyo ya kumalizia. Ukigonga fungu la mchanga au tumbawe, panga linapinda au linameguka na gia zinanusurika. Bei yake inakuruhusu kuwa na mbili. Stenlesi ina mapanga membamba yasiyonyumbuka, hushika maji vizuri zaidi kwenye mwendo mkubwa, huvumilia mchanga, na huuzwa kwa bei mara kadhaa ya alumini. Lakini ikigonga jiwe, yenyewe haipindi kirahisi. Kipigo kinakwenda kwenye shafti. Anayevua kwenye maji makubwa ya Mkondo wa Pemba na kurudi kupitia mlango wenye kina ana sababu ya kuinunua. Anayeingiza wageni kwenye matumbawe maji yakipwa hana. Ukiifunga, kagua zinki za mguu, vile vipande vinavyoliwa badala ya mguu wenyewe, mara kwa mara zaidi, maana chuma hicho pembeni ya alumini ndani ya maji ya chumvi huharakisha kuliwa kwa mguu. Usizipake rangi zinki hizo, zitaacha kufanya kazi.

Mapanga matatu yanatosha boti nyingi. Manne yanafaa boti nzito, inayochelewa kupanda, inayotetemeka, au inayopoteza maji kwenye mawimbi ya kusi. Yanashika vizuri hata mwendo ukipungua, jambo linalopendwa na wanaoburuta chambo, na hukuachia usukani mtulivu. Gharama yake ni noti moja hivi ya mwendo wa juu, na mashine inahisi mzigo zaidi. Ukitoka matatu kwenda manne, shuka pichi inchi 1 kama sehemu ya kuanzia.

Kipenyo mara nyingi hukichagui; watengenezaji hukipunguza wenyewe kadiri pichi inavyopanda ndani ya ukoo mmoja. Usikubali fundi akukatie ncha za mapanga ili "mashine iwe nyepesi". Mizunguko itapanda kweli, ila umeipunguza sehemu ya panga inayofanya kazi kubwa kuliko zote.

Propela nyingine zina ukingo wa nyuma uliokunjwa kidogo kama mdomo wa kijiko. Mkunjo huo hushika maji vizuri mashine ikiinuliwa, na mashine huuhisi kama nyongeza ya inchi 1 ya pichi. Ulinganishe kwa mizunguko, usiulinganishe kwa namba zilizogongwa.

Mwenye mashine mbili: moja izunguke kulia na nyingine kushoto, kama mashine zenyewe zilitengenezwa hivyo. Ukitazama kutoka nyuma, ya kulia hufuata mwendo wa saa boti ikienda mbele. Ukinunua ya upande usio wake, boti itarudi kinyumenyume ukitia gia ya mbele.

Kufunga

Toa klipu ya kuzimia, weka gia huru, chomoa waya za plagi. Propela inaweza kuwasha mashine ukiizungusha kwa mkono, na vidole havioti tena.

Kata kipande cha mbao, kibane kati ya panga na lile bamba ili propela isizunguke. Nyoosha pini ya kukunja, ivute kwa koleo, fungua nati. Vua washa na vipande vyote na uvilaze juu ya kitambaa kwa mpangilio ule ule vilivyotoka, kwa sababu washa nene ya mbele ikisahaulika, propela itasaga mguu. Ikigoma kutoka, mimina mafuta ya kulegeza na usubiri. Nyundo ya mbao pembeni ya kitovu inaruhusiwa, ya chuma kwenye mapanga hapana.

Sasa chungulia nyuma ya washa ya mbele. Mara nyingi utakuta mshipi wa nailoni umejiviringa pale, umekaza na kung'aa kama pete, na chini yake oili nyeusi imeanza kuvuja. Mshipi huo hukata sili ya shafti, maji yanaingia kwenye gia. Utoe wote, na ufungue kidogo skurubu ya chini ya oili ya mguu: tone likitoka na rangi ya maziwa, sili ibadilishwe kabla ya safari yoyote.

Futa meno ya shafti, paka grisi ya baharini isiyooshwa na maji, kote, si tone moja. Ukiacha kupaka, mwakani propela itatolewa kwa moto. Rudisha washa ya mbele, propela, kipande cha kujaza nafasi, washa, nati. Kaza kwa kipimo cha kitabu. Tundu la pini lisipotazamana na mkato wa nati, kaza kidogo zaidi mpaka litazamane, usilegeze. Weka pini mpya ya stenlesi na ukunje ncha zake zote mbili. Pini iliyokwisha kunjwa mara mbili hukatika, na waya wa kufungia uzio si pini.

Mashine ndogo, hasa za chini ya farasi 6, huwa na pini ya kukatika badala ya bushi. Ikikatika, weka ya kwake. Msumari wa inchi nne uliokatwa kwa msumeno utashika, naam, na siku utakapogonga mwamba utashika pia, kisha gia ndizo zitakazokatika.

Baada ya safari ya kwanza kagua nati tena.

Kuna mawili ya kukagua kila mwezi

Mikwaruzo midogo ya ukingo wa mbele, ya kina cha milimita 2 au 3, iondoe kwa tupa ya nusu duara kisha msasa, ukifuata umbo la panga. Mkwaruzo unaonekana mdogo, lakini nyuma yake maji huchemka kwa upungufu wa mgandamizo na kula chuma. Utaona vishimo kama vya chumvi kwenye uso wa panga. Panga lililopinda lipimwe hivi: funga kijiti kwenye bamba, ncha yake iguse karibu ukingo wa panga moja, zungusha polepole. Nafasi ikitofautiana kwa zaidi ya milimita 2 kati ya panga na panga, mtetemo wake unazila beringi na sili hata kama mkono wako hauusikii. Kunyoosha kwa nyundo juu ya jiwe hurudisha sura, hakurudishi pichi. Kama utainyoosha, ipime kwa karatasi na kipimapembe kama tulivyoeleza, na kama haikubaliani ifanye ya akiba.

Propela ya akiba ikae botini na vitu vyake ndani ya mfuko mmoja: nati, washa, pini tatu, koleo, spana ya saizi ya nati hiyo hiyo na kipande cha mbao cha kubania. Jaribu kuibadilisha mara moja ukiwa pwani na maji ya magotini, kwa sababu nje ya mwamba, mawimbi yakiinua tezi, nati ikiponyoka mkononi haiokotwi. Ifunge uzi kwanza.